Zamu ya Kuigiza Mama Aliyechoka

4 Machi

Kwako mwanangu,

Hujambo? Mjukuu wangu naye hajambo? Sisi huku wazima, ila goti langu lina mambo yake.

Cheka basi: mama yako, fundi cherehani mstaafu, amerudi shule! Zahanati inatufundisha sisi watu wa kujitolea tukazitembelee familia zenye watoto wachanga, ambazo usingizi umezikimbia. Muuguzi anayetufundisha ana sheria moja ngumu: ziara ya kwanza, sikiliza tu. Ushauri marufuku. Mimi nimeshakaripiwa, na wenzangu sasa wananiita Bibi Ushauri.

Lakini wewe si ziara, kwa hiyo nakwambia: mwogeshe mtoto jioni, usimbebe kila akilia, na hiyo redio yako izime. Simu imepona?

Mama yako

15 Machi

Shikamoo Mama,

Sisi wazima, ondoa shaka. Simu ilizama kwenye beseni la nepi na haijafufuka, basi tuendelee kumsumbua dereva wa basi na barua zetu. Baba mtoto bado yuko safarini na lori lake.

Bibi Ushauri! Hilo jina limepata mwenyewe. Nimefanya yote uliyosema. Mjukuu wako anaoga, anacheka, halafu anakesha kama mlinzi wa benki. Jana nilitia chumvi kwenye chai na nikainywa yote, sikujua mpaka nilipoona kopo. Nikikaa naye kwenye kochi naona ukuta unanipungia mkono. Nami naupungia, adabu kitu cha bure. Usijali, natania.

Binti yako

22 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Leo nauliza kwa kutaka jibu.

Darasani tuliigiza ziara. Nikapewa zamu ya kuwa mama aliyechoka. Nikachukua ya barua yako: chai ya chumvi, kochi, ukuta unaopunga mkono. Nilitaka kuwachekesha. Nikacheka peke yangu. Muuguzi akasimamisha igizo akaniuliza, "Mama huyo yupo kweli?" Nikasema ni binti yangu. Akasema, "Basi asiachwe peke yake. Akisinzia na mtoto kwenye kochi, mtoto anaweza kukosa pumzi."

Jamani, mwanangu! Barua ile nilimsomea hata muuza mkaa, tukacheka mpaka machozi. Swali la kwanza tunalofundishwa kumuuliza mzazi, wewe sijakuuliza hata siku moja. Wewe unalala? Nijibu haraka, moyo wangu hautulii. Nije?

Mama yako

25 Machi

Shikamoo Mama,

Hatujambo sana. Usije, tafadhali. Nyumba haitazamiki, na utasema, nakujua. Ulitulea watano na cherehani haikusimama; mimi mmoja tu ananishinda.

Silali. Na hilo analoliogopa muuguzi wenu nusura litokee. Juzi mchana nilisinzia naye kifuani kwenye kochi. Jirani alikuja kuazima mwiko, akamkuta mtoto ameteleza kati yangu na mto, uso umezama. Alikuwa anapumua. Mama, alikuwa anapumua! Lakini tangu siku ile naogopa hata kukaa. Nasimama naye tu, na miguu imeanza kukataa.

Usimwambie mtu. Usije.

Binti yako

27 Machi

Mwanangu,

Umeamkaje? Usishtuke ukiona kitanda cha mtoto kitupu. Yuko nami hapa uani, kivulini, mzima wa afya, anavuta miwani yangu. Karatasi hii naiacha chini ya kikombe ili uione kabla hujaanza kupiga kelele.

Dereva alinipa barua yako, nikapanda basi lile lile lililoileta. Ulifungua mlango ukasema, "Mama, usiseme kitu." Sijasema. Vyombo nimeviona. Redio nimeisikia. Ulimi nimeuuma mpaka unauma kweli. Maneno yangu yamekuwa mawili tu, na jirani yako shahidi: "Lete mtoto." Ukanipa, ukaanguka kitandani na viatu miguuni. Viatu nimekuvua.

Cherehani yangu haikusimama kwa sababu shangazi yako alikuwa amekubeba wewe mgongoni. Kila siku, mpaka ukaota meno.

Baba mtoto akirudi ndipo tutazungumza habari ya mimi kuondoka. Leo ni ziara ya kwanza. Lala tena.

Mama yako