Kura Moja ya Sherifu

Tallow Creek, Mississippi
Julai 9, 2004

Mjomba Thaddeus,

Shikamoo. Mtini wa Mama umezaa mpaka ndege wamekinai. Kanisani wamebadilisha mabenchi, ila lile la dirishani, ulikokuwa ukinipitishia pipi wakati wa mahubiri, nimewakatalia wasiliguse.

Nimestaafu. Miaka thelathini nimefundisha jinsi Weusi na Wazungu wa Kusini wanavyopiga kura. Nilipokuwa nahama ofisi nikakuta kitabu changu cha kwanza. Unakumbuka 1967, kituo chetu cha kupigia kura cha Weusi: kura mia mbili na kumi kwa mgombea wetu, moja kwa sherifu Mzungu, mkuu wa polisi wa kaunti aliyekuwa akitetea kiti chake. Humo niliandika kwamba ile moja ni kosa la kuhesabu. Kanisani walisema ni wewe, wakakununia mpaka ukahamia Detroit.

Juzi nikamsomea Mama ukurasa ule. Akaendelea kumenya maharage.

"Hakuna aliyekosea kuhesabu," akasema. "Mke wa sherifu aliniomba kura jikoni kwake, nilikokuwa nikimpikia, nikamkubalia. Mimi nikisema ndiyo, basi."

"Na Mjomba?"

"Thad alijua. Aliniambia, 'Dada, wewe una watoto. Nyamaza.'"

Nimehoji watu elfu nne kuhusu kura zao, Mjomba. Mama sikumuuliza hata siku moja.

Jumapili ya pili ya Agosti, kama kawaida, kanisa linawaita nyumbani wote waliohama. Mama anasema safari hii atasimama mbele ya watu aseme mwenyewe. Ana miaka themanini na sita na miguu haina nguvu. Njoo umshike mkono.

Mpwa wako,
Ardelia