Macho Yaliyovimba Bila Nyuki

Kilimarondo, Nachingwea
9 Septemba 2007

Mwanangu mpenzi Valentina,

Nakusalimu sana wewe, mume wako Emmanuel na watoto. Kama hapo Ruangwa mmeamka wazima, basi na mimi nusu ya ugonjwa wangu imepona. Mama yako Magreti hajambo, mguu tu unamsumbua asubuhi, akianza kunisema anausahau.

Utashangaa kuona mwandiko huu. Siku zote barua zangu anaandika katekista. Hii naandika mwenyewe tangu asubuhi, maana yaliyomo hayafai kupita mkononi kwa mtu. Herufi zimelala kama mahindi yaliyopitiwa na nguruwe, lakini zote zangu. Nilisoma madarasa mawili tu, na hata hivyo mwalimu alisema nina kichwa.

Kwanza dawa, najua ndiyo unayoiuliza. Ulikuwepo kule Dar es Salaam yule mama wa dirisha la dawa alipotueleza kwamba saratani hii ya damu haikatwi kwa kisu, inashikwa na vidonge kila siku, baada ya kula, kwa kikombe kikubwa cha maji. Nisitafune, nisisage, nisimgawie mtu hata kama tunaumwa sawa, nisichanganye na mizizi ya porini bila kuwaambia, na kopo likae ndani ya sanduku lenye kufuli. Nikaona ananifundisha kumeza, mimi ninayemeza asali pamoja na masega yake. Lakini nilishika. Bandama lililonijaza tumbo likarudi ndani, nikapanda tena kwenye mizinga yangu. Na unajua hapa hakuna mrina asali wa kunifikia. Wenzangu wanavaa magunia kichwani. Mimi naenda na moshi wangu na uso wazi, na tangu ujana nyuki hajaniachia alama ya kuonekana.

Sasa habari ya Adinani wa Marambo. Ukoo wake na wetu ni watani tangu kwa mababu, akija kwetu anachukua anachotaka na mwenye nyumba hanuni. Kuna mwaka aliondoka na mlango wa jikoni, mbuzi wakawa wanachungulia chungu cha mama yako mpaka tulipoukomboa kwa jogoo. Safari hii alichukua kopo la dawa. Alilikuta juu ya kinu, akalitia ndani ya kofia, akasema mzee huyu hana haja ya dawa, maana ugonjwa wake ni mdomo. Tukacheka. Desturi ni kukomboa upesi, lakini mimi nikasema kuku sitoi. Adinani naye akakaa kwake anasubiri kuku. Hakujua ni dawa ya nini, alidhani ya mgongo.

Siku zikaenda. Bandama likapanda tena, nikawa nalala nimelowa jasho, matonge machache nimeshiba. Mama yako akakuletea habari, na wewe ukamtumia Adinani maneno makali, kwamba ni mwizi na muuaji, asikanyage tena kwetu. Yalimfika yote. Alikuja na kopo amelishika kwa mikono miwili, wala hakutania. Akasema mila imempa ruhusa ya kuja kucheza kwenye msiba wangu na kudai nguo zangu, haikumpa ruhusa ya kuniua. Halafu akakaa chini akalia. Hata alipomzika mkewe sikumwona analia vile.

Nikafungua kopo nimimine kiganjani, nilipe siku zote zilizopita kwa mara moja. Adinani akanikamata mkono, akasema tukaulize kwanza. Akanipeleka Nachingwea mjini, kwa Sista Dionisia, yule muuguzi. Sista akasema zilizopita ziache zipite, ukimeza nyingi kwa pamoja unajitia sumu, kesho meza kipimo chako kilekile, na daktari wako akuone mapema. Akauliza nini kilinitenga na dawa. Nikasema ni mtani. Adinani alikuwa palepale, akatazama miguu yake. Sista akaonya kwamba Dar wakikuta damu imechafuka watadhani dawa imeshindwa, wanaweza kunibadilishia au kuniongezea, kwa hiyo waambiwe ukweli wote.

Tangu siku hiyo kidonge kinapita, lakini neno limenikaa kooni.

Valentina, kopo halikwenda lenyewe juu ya kinu. Nilimwona Adinani anaingia uani, nikafungua sanduku, nikaliweka panapoonekana. Nilitaka alichukue. Vile vidonge vilikuwa vinanivimbisha macho. Gengeni, Severini mwenye genge akapaza sauti kwamba leo mrina asali ameumwa na nyuki, watu wakashika mbavu. Kesho yake tena. Mimi huyu. Nikaona afadhali bandama kuliko kuchekwa vile, ila sikutaka mama yako aseme nimeacha dawa. Nikamwachia mtani abebe.

Nilirudi kwa Sista nikamweleza habari ya macho. Akasema ni dawa hiyo, wanaijua, na wana namna ya kusaidia, ila nisiache bila kusema. Kumbe ilikuwa kusema tu.

Na Adinani nadhani alijua palepale kwa Sista. Kufuli la sanduku lile amewahi kulijaribu mara nyingi, likamshinda.

Kwa hiyo ukija kunichukua kwa safari ya Dar, pitia Marambo kwanza ukayarudishe maneno yako, umwambie baba amekutuma. Jogoo nimeshampelekea. Amesema jogoo huyo amekonda kama mimi. Kwa daktari nitasema mimi, ila ukiona naanza kuzunguka na habari za mizinga, nifinye.

Wasalimie wote, na wajukuu waambie asali yao ipo. Leo nimeamka macho yamevimba tena. Nimepita gengeni hivyohivyo, na Severini aliponiuliza ni nyuki wa wapi, nimemwambia wa Dar es Salaam, nawafuga ndani ya kopo.

Ni mimi baba yako,
Gaudens, mrina asali