Haruka na Maharage Yangu

Buffalo, Jumapili

Angelika, mwanangu wa Louisville,

Sisi hatujambo, na theluji nayo haijambo. Haruka, yule Mjapani anayesoma na mdogo wako, wiki nzima alijisomea kemia mezani kwetu. Yeye ni mpiga mieleka, na shuleni kwao ukifeli mtihani, hupigani. Kwa Wajapani ni adabu kumaliza sahani. Kwetu sahani tupu huongezwa. Basi mimi naongeza maharage, naye anamaliza kwa heshima zote!

Kemia alifaulu. Siku ya mashindano, mizani ndiyo iliyomkataa: uzito ulizidi, kocha akamhamishia kwa wasichana wakubwa. Nikajificha nyuma ya baba yako.

"Mama Angelika, umemponza mtoto wa watu," akaninong'oneza.

Pande la msichana kutoka Columbus likajaribu kumwinua Haruka, likashindwa. Haruka akalilaza chali! Nilipiga vigelegele mpaka refa akanigeukia. Kisha Haruka akaja kuniinamia, akasema kwa Kiswahili alichofundishwa na mdogo wako: "Asante kwa maharage, Mama."

Tangu uondoke, bado nakupikia na wewe kila siku. Njoo Pasaka, mwanangu. Kiti chako kimekaliwa na bingwa, lakini tutabanana.

Mama yako, mpishi wa mabingwa,
Florida