Kadi Isiyouliza Unakwenda Wapi

Harrop Moss, 6 Machi 2018

Mjukuu wangu Tamsin,

Hujambo huko mjini? Unakula? Mimi sijambo, ila goti linanung'unika na baridi hii. Kuku wameanza kutaga tena.

Jana alinipigia mwanamke wa halmashauri, ati umeandika jina langu kwenye fomu ya kuongezewa muda wa kadi yako ya basi. Akaniuliza, "Mjukuu wako yukoje akiwa barabarani?" Nikamwambia kwetu akina Ackroyd hakuna wendawazimu. Akauliza kama unaweza kuendesha chombo. Nikamjibu kwamba ulipokuwa na miaka kumi na sita uliendesha trekta ya marehemu babu yako vizuri kuliko wanaume wote wa hapa, na hukugonga hata lango. Akanishukuru vizuri sana. Mtu mwenye adabu zake.

Sijui unaing'ang'ania ya nini kadi hiyo ya wagonjwa. Mimi nina haki ya kadi ya wazee miaka na miaka na sijaiomba. Sijawahi kupanda basi bure mimi.

Jumapili njoo kama kawaida. Nitaoka pai.

Bibi yako

*

Mjini, 13 Machi

Shikamoo Bibi,

Nimefurahi kuku wanataga. Mimi nipo.

Jumapili sikuja kwa sababu kadi imekwisha muda, na nyingine wamekataa kunipa. Wameandika hivi: kadi hupewa mtu ambaye ugonjwa wake ungemnyima leseni ya kuendesha gari, na wao wameelezwa na jamaa wa karibu kwamba mimi naendesha vizuri.

Sikulaumu. Ila siku za Jumanne sitakwenda tena kule kwenye bustani, kwa wenzangu wa kikundi cha kulima. Ni mwisho wa mji, kwa miguu sifiki.

Mjukuu wako, Tamsin

*

Harrop Moss, 16 Machi

Tamsin,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, maana mimi yako imenitia hasira.

Sikusema uongo. Trekta uliendesha. Nilitaka niseme nini, kwamba mtoto niliyemlea kwa mikono yangu hana akili? Kwa mwanamke nisiyemjua hata sura? Hapa kijijini mtu akikuuliza hali ya wako, unasema wazima, hata kama mmoja wao yuko kwenye jeneza.

Nauli nimekutilia humo kwenye bahasha. Panda basi kama watu wengine, lipa, uje ule. Pai ya Jumapili niliila siku tatu peke yangu.

Bibi yako

*

Mjini, 24 Machi

Shikamoo Bibi. Goti linaendeleaje?

Nakurudishia nauli. Tatizo si nauli, Bibi. Ukilipa lazima umwambie dereva unakwenda wapi. Useme kwa sauti, na nyuma yako watu wamesimama wanangoja. Kadi unaiweka tu kwenye mashine, inalia, unakwenda kukaa. Hakuna anayekuuliza kitu. Miaka mitatu nimekuja kwako kila Jumapili bila kusema neno lolote mpaka nifike mlangoni kwako. Hukulijua hilo.

Juzi nilijaribu. Dereva akasema, "Wapi, mpenzi?" kama wanavyomwita kila abiria. Wala hakuwa mbaya. Nikashuka. Tangu hapo sijatoka.

Usinipigie simu, tafadhali. Ikilia najificha bafuni.

T.

*

Harrop Moss, 10 Mei

Tamsin mjukuu wangu,

Hujambo? Nauliza tena kwa sababu barua mbili nimeandika na hukujibu hata moja.

Mimi ni mtu wa darasa la chini, lakini mwezi uliopita nilikaa mezani nikaiandikia halmashauri. Niliwaambia yule mzee wa kwenye simu, yaani mimi, alikuwa anajivuna. Niliwaambia habari za Krismasi, ulivyosimama kwangu na koti mwilini na mkono kwenye kitasa mpaka chai ikapoa, umeshindwa kutoka na umeshindwa kuketi. Niliona kwa macho yangu. Nikakuita mvivu mbele ya majirani. Hilo nalo niliwaandikia.

Leo yule mwanamke amenipigia. Kadi wamekubali, imetumwa kwako wiki iliyopita. Nijulishe umeipata.

Bibi yako

*

Kwenye ngazi za kwako, Jumanne 22 Mei

Tamsin,

Nisamehe karatasi hii ninayokutumbukizia mlangoni, ni mgongo wa ratiba ya mabasi.

Nimekuja kwa kadi ya wazee. Ndiyo, nimeiomba. Picha yake nafanana na mfungwa. Saa tatu na nusu kasoro dakika nne dereva alinizuia kwenye mlango wa basi.

"Bado, mama. Kadi ya wazee inaanza kazi saa tatu na nusu."

"Kijana, nina miaka sabini na tisa. Hizo dakika nne unamtunzia nani?"

"Si mimi. Mashine ndiyo inayokataa."

Bibi mmoja nyuma yangu akasema, "Simama tu, dada. Sote hapa tunaiogopa mashine." Tukasimama na manyunyu. Kisha saa ikafika, mashine ikalia, nikaketi, na hakuna aliyeniuliza kitu. Nimeelewa sasa.

Nimebisha mara moja, sibishi tena. Nimechungulia kwenye tundu la mlangoni la kutumbukizia barua. Nimeziona barua zangu sakafuni, na bahasha ya halmashauri juu yake, zote hazijafunguliwa. Nimeona na miguu yako pale ukutani, na soksi za kijani nilizokufumia. Moja imetoboka kisigino. Ungesema.

Basi uko hapo, na mimi niko hapa, na mlango katikati. Nimekaa ngazi ya tatu kwa sababu ya goti. Pai iko kwenye kikapu, nimeifunga na taulo isipoe. Huna haja ya kusema kitu. Fungua bahasha ya halmashauri peke yake, ndimo ilimo kadi yako; zangu za nyuma ziache, zina kelele.

Basi la kurudi Harrop Moss ni saa nane. Likitupita, lipo la saa kumi. Hilo nalo likitupita, nitakwenda peke yangu, na Jumanne ijayo nitakuwa ngazi hii hii.

Kadi yangu wameipa miaka mitano.

Bibi yako, niko nje