Wimbo wa Adventina Aliyetoroka

Jumanne, 3 Juni
Nimeanika kahawa, nimefukuza kuku. Redio ya jirani ikaupiga tena. Wimbo wa Deo, aliyekuwa mume wangu: Adventina kamwacha mumewe, mume analia, gita linalia. Tangu miaka ya sabini nchi nzima inalia naye. Hapa Nshambya hata watoto wananiimbia nikipita. Sikutoroka. Deo alirudi kutoka safari za bendi na mwanamke mwingine, akanitolea sanduku langu nje. Halafu akaingia studio kunililia. Mwanaume hana haya.

Alhamisi, 5 Juni
Mjukuu wangu Jeni anaolewa Julai. Anataka wimbo upigwe wakati wa keki, wageni wajue bibi yake ndiye Adventina mwenyewe. Nimekataa. Akauliza, kwa upole kabisa: "Kwani Bibi, si kweli ulimwacha mzee wa watu?"
Hata Jeni.

Ijumaa, 6 Juni
Situlii. Ua nimeufagia, nikaufagia tena. Deo yuko kwake karibu na Rubya, mgonjwa wa moyo. Akifa bila kusema ukweli, mimi nitabaki mtoro milele. Kesho naenda.

Jumamosi, 7 Juni
Amekonda, nikasahau matusi niliyokuja nayo. Mkewe, yuleyule, alinipa kahawa ya kutafuna kwa heshima zote, akatupisha. Nikauliza kwa nini aliimba uongo.
"Ma Adventina, kwanza niliandika ukweli. Bendi wakasema nani atanunua santuri ya mume mjinga."
Nikacheka. Nikajichukia kwa kucheka. Nikamwambia hukutakiwa kuimba. Kwetu mume aliyekosea huenda kwa wakwe na rubisi, pombe yetu ya ndizi, anakaa chini, anataja kosa lake. Ndugu wa mke wakinywa, limekwisha. Wewe ulikwenda studio. Akasema sasa hata mlangoni hafiki. Nimerudi na hasira yangu.

Jumatano, 11 Juni
Kimya. Simu ikilia naruka. Upumbavu, na umri huu.

Jumamosi, 14 Juni
Kaka Projesti kapiga simu kutoka Kaagya: njoo nyumbani, kuna mgeni. Nimemkuta mtoto mkubwa wa Deo kwa yule mkewe, mtu mwenye mvi zake, amekaa chini kwenye nyasi, dumu la rubisi mbele yake.
"Baba amenituma. Anasema yeye ndiye aliyemfukuza Ma Adventina. Hakutoroka."
Nilitamani wazazi wangu wasikie. Nilidhani Kaka atakataa. Kisha akanywa, akapitisha. Ukoo mzima umekunywa. Mimi nililia kama mtoto, mbele za watu.

Jumapili, 15 Juni
Misa. Ndizi na maharage. Jeni alikuja, nikamweleza yote, akanishika mkono. Akasema atamwambia mpiga muziki asiuweke ule wimbo.
Nimemwambia auweke tu. Deo alikuwa anajua kuimba, na mimi sijawahi kuusikiliza mpaka mwisho.