Safari Hii Vichwa Vimo

Mama Kabula, mke wangu,

Harusi ya mwanetu imepita salama, na vichwa vyote vimo kwenye picha. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeliniuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama nimekula.

Nimekaa pale mezani sebuleni, na mbele yangu ukutani ipo ile picha yetu ya harusi, ambayo tunaonekana kuanzia shingoni kwenda chini. Unakumbuka binamu yangu aliyeipiga alivyojitetea? Viatu vyangu vilikuwa vipya, vya kwanza kuvaliwa na bwana harusi katika ukoo wetu, akaona ni dhambi visipoonekana. Basi vikaonekana, hadi kamba zake. Tuliokatwa ni sisi. Wageni wakiuliza hawa ni akina nani, ulikuwa unawajibu, "Hiyo ni shingo ya mume wangu, na hii ni yangu. Nyuso zilitangulia nyumbani kupika."

Miaka yote nimeucheka utani huo. Sasa wewe hupo, na nikitaka kuuona uso wako ulivyokuwa siku ile, naona viatu. Ndipo nilipoelewa picha ni ya nini.

Lakini sikuandikii ili nilie. Nina habari njema, na unanijua, nitazieleza kwa mpangilio.

Ulipokuwa umelazwa uliniambia, "Mwalimu, kwa harusi ya Kabula nataka vichwa. Tafuta fundi." Nikaitikia ndiyo, lakini ilikuwa ile ndiyo ya kumtuliza mgonjwa. Nisamehe. Moyoni nilisema picha ni picha, anayebonyeza ni kidole tu.

Kikao cha harusi kilipokaa, kaka yangu Shija alisikia bei ya fundi wa Shinyanga mjini, akasimama. "Mtamba mzima kwa makaratasi? Mwalimu, umesoma mpaka umepitiliza!" Watu wakaangua kicheko. Mpwa wangu Lugumba alikuwa ametoka Nyarugusu na kamera mpya inayong'aa, kainunua baada ya shimo lao kutoa dhahabu. Akajigonga kifua: "Mjomba, mimi nipo. Bure kabisa. Nitapiga mpaka kuku." Kikao kizima kikapiga makofi, na mimi nikapiga nao.

Kilichonigeuza ni mama yako. Tangu tulipokuzika, Mayu hakutoka tena nje kule Nkome. Alikuwa analala ameelekea ukutani, anakula kwa kubembelezwa, na miguu ikazidi kukataa. Tulipomwomba tumlete hapa Ushirombo kwa gari, mdogo wako Nyamizi alirudi na jibu lake: "Nimemzika mtoto. Harusi ya mjukuu nitaisikia kwa masikio, inatosha." Nililiwaza jibu hilo siku mbili. Halafu nikauza mtamba, aione kwa macho. Shija hakunisemesha kwa juma zima.

Fundi anaitwa Athumani, anafanya kazi kwenye studio ya mfanyabiashara mmoja wa Kihindi pale mjini. Alikuja kwa basi siku moja kabla ya harusi, nikadhani anatafuta chakula cha bure. Kumbe siku hiyo ndiyo nusu ya kazi yake. Aliingia kanisani peke yake, akasimama madhabahuni, akasimama mlangoni, akaangalia kila dirisha linaingiza mwanga kiasi gani. Akauliza misa itaisha saa ngapi, akatoka nje akatazama jua litakuwa wapi saa hiyo. Tulikuwa tumepanga picha za ukoo chini ya mti. Akakataa: kivuli cha majani kinawatia watu madoa usoni kama chui. Akatuhamishia upande wa ukuta wa kanisa.

Kisha akaniuliza swali ambalo sitalisahau. "Mwalimu, kesho nani hataweza kuja?"

Nikamwambia ni wawili. Mmoja ni mama yake bibi harusi. Mwingine ni bibi yake, yuko Nkome.

Akafunga daftari lake. "Basi nitawapigia picha hao. Wengine wote watakuwepo, watajionea wenyewe."

Siku yenyewe, Mama Kabula! Ungefurahi. Mwanao alitoka ndani amefunikwa, shangazi zake wamemzunguka, vigelegele hadi barabara kuu. Lugumba alikuwa mbele ya kila mtu na kamera yake. Tulipofika kanisani, pete inakaribia kuvishwa, nikamwona ananyong'onyea nyuma ya nguzo. "Mjomba, filamu imeisha." Ilikuwa imeisha asubuhi, yeye na wachimbaji wenzake wakipigana picha wameegemea gari la maharusi. Sikumgombeza. Athumani alimwita, akampa shuka jeupe alishike ili mwanga wa dirishani urudi kwenye uso wa Kabula. Akalishika kama bendera ya taifa. Kwa hiyo naye alitumika.

Na huyu fundi hana haraka. Hapo ndipo nilipomheshimu. Sisi tungepiga watu wakiwa wamekakamaa kama askari, basi tumemaliza. Yeye alikuwa anawapanga, watu wanakakamaa, anajifanya anahangaika na kamera. Wakishachoka kukakamaa, Shija anatupa neno, Nyamizi anamjibu, wanacheka, ndipo anabonyeza. Nilimuuliza siri yake. Akasema watu hawana sura halisi wanapojua wanatazamwa, inabidi uwangojee warudi.

Nilikuwa nimeandaa wosia wa kurasa mbili. Usicheke. Nilifika katikati ya ukurasa wa kwanza, Kabula akainua shela, akasema mbele ya watu wote, "Baba, darasa limekwisha!" Maneno yako yale yale, na sauti yako. Ukumbi ukalipuka. Mimi nilicheka mpaka karatasi zikaanguka, machozi yananitoka, sijui yapi ya kicheko na yapi yako. Athumani alikuwa wapi sikumwona.

Picha zilipokwisha kusafishwa na kupangwa kwenye albamu, niliichukua mwenyewe hadi Nkome. Unajua shida yangu kule. Mkwe haketi mbele ya mama mkwe wala hawatazamani, na mimi tangu nikuoe sijawahi kuivunja heshima hiyo. Kwa hiyo Nyamizi aliingia ndani na albamu, mimi nikakaa nje kwenye kigoda, nimeupa mlango mgongo. Nikaamkia, "Mwangaluka, Mayu." Akaitikia kwa sauti ndogo.

Nilikuwa nimezikariri picha zote. Nikaanza kueleza kupitia ukutani: ya kwanza ni Kabula akitoka, wa kulia ni shangazi yake, gauni limeshonwa Geita, dirisha lile...

Sauti ikatoka ndani, si ndogo tena. "Nyamizi, mwambie mkwe anyamaze. Ninaona."

Nikanyamaza. Nimefundisha miaka thelathini, sijawahi kunyamazishwa vizuri namna ile. Nilisikia kurasa tu zikifunuliwa. "Huyu ni Shija, amenenepa." Ukurasa. "Nani amemfunga huyu kilemba vibaya hivi?" Ukurasa. Kisha mnong'ono nisioushika, na Nyamizi akasema taratibu, "Ndiyo, Mayu. Kabula akicheka anakuwa marehemu dada kabisa." Nilisikia mtu akipenga kamasi. Nilitaka kuingia, nikajishika kwenye kigoda.

Halafu wakafika kwenye picha ya wosia. Mimi ndani yake nimefumba macho, kinywa wazi, karatasi zinaruka.

"Na huyu mzee ni nani?"

"Mayu! Huyu ndiye mkweo."

Mama yako akapiga kelele ya furaha, hadi wanawake walioanika dagaa kule chini wakainua vichwa. "Kumbe mkwe wangu ana mwanya! Miaka yote hii! Mwanangu aliolewa na mwanya na hakuniambia!"

Akacheka, Mama Kabula. Mama yako alicheka. Na mimi huku nje nimeziba kinywa kwa mkono, mzee mzima, naona haya kama kijana aliyekuja kuposa.

Hakikupita kitambo, amri ikatoka: "Mwambie mkwe asogee mbali. Nataka kutoka nje, humu ndani giza, sioni vizuri." Nilisimama haraka, nikashuka hadi kwenye vichanja vya dagaa, nikaangalia ziwa. Sikugeuka. Nilisikia kigoda kikiburutwa, kisha nikasikia akiwaita majirani mmoja mmoja kwa majina, waje waone.

Mke wangu, nakuacha upumzike. Mwanetu Nyanzala naye akipata mchumba, fundi ataitwa kabla ya mpishi, na Shija amekubali, ingawa anadai lilikuwa wazo lake. Kesho Athumani anapanda basi kwenda Nkome. Mayu ametuma habari kwamba anataka apigwe picha, na kwamba atamngoja nje.

Mumeo,
Baba Kabula