Sauti Nimeiombea Radhi, Maneno Hapana

Bwenini, Jumapili mchana

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii uisome ukiwa umekaa, maana ukiisoma umesimama utaanza kutafuta fimbo. Mguu unaendeleaje? Na yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Huku kusini mimi ni mzima, nakula, nalala, tena bado ni mwanafunzi. Hilo la mwisho ndilo ninalokuandikia.

Najua chuo kilikuletea taarifa kwamba nimemfokea mlezi wa wanafunzi, na kwamba naweza kusimamishwa masomo mwaka mzima. Kaka Wambura alinipigia kutoka Kigera akanifikishia maneno yako yalivyo: "Mwambie mwanafunzi anasemaga akiulizwa. Aombe radhi, anyamaze, amalize." Nililia, Baba. Sikukupigia kwa sababu kwenye simu mimi na wewe tungepandishiana sauti, nisingemaliza kueleza.

Ilikuwa hivi. Mimi ndiye mhariri wa gazeti letu la ukutani, ule ubao wa nje ya maktaba ambapo wanafunzi hubandika makala zao. Mwenzangu wa darasani, Shabani, aliandika kwamba msichana hafai kuwa rais wa serikali ya wanafunzi. Makala ya hovyo kabisa! Niliisoma mara mbili kwa hasira, nikaibandika, nikaanza kuandika majibu. Kabla sijamaliza, mlezi akaja akaichana. Akasema mambo ya kugawa watu hayatakiwi chuoni, na kuanzia siku hiyo kila makala ipite kwake kwanza.

Nikamwambia airudishe. Nilitaka kumjibu Shabani mbele ya wale waliomsoma, sasa nijibu nini, ubao mtupu? Nilisema kama tunavyosemaga nyumbani, Baba, kwa sauti ile ya kumwita mtu ng'ambo ya bonde, kidole kikiwa juu. Kwetu Butiama ukiwakuta watu wawili wanaongea hivyo, ujue wanapatana bei ya mbuzi. Huku watu wanaongea taratibu kama wamekuja kumtazama mgonjwa. Mlezi alirudi nyuma hatua mbili, akaenda kuandika kwamba nilitaka kumpiga.

Kamati ya nidhamu ilikaa Alhamisi. Na unajua nani alikuja kuwa shahidi wangu? Shabani! Akawaambia, "Huyu hakubaliani na mimi hata kidogo, na hata akinisalimia ni kelele hizo hizo. Lakini ndiye aliyeibandika makala yangu." Mwenyekiti, mama mmoja mtu mzima, akacheka, wajumbe wakacheka. Mlezi hakucheka. Kisha mwenyekiti akaniuliza kama niko tayari kuomba radhi.

Nikakukumbuka wewe. Nikasema sauti yangu naiombea radhi, kwa sababu mlezi ni mkubwa wangu na nilimtisha. Maneno siyaombei, makala irudi. Nikakaa nikisubiri kufukuzwa.

Baba, nimepewa onyo la maandishi tu! Makala ya Shabani imerudi, na yangu iko pembeni yake. Jana nimewakuta watu wamejazana pale wakisoma zote mbili na kubishana, mpaka mtunza maktaba akatoka kuwanyamazisha. Kuhusu makala kupita kwanza kwa mlezi, kamati bado haijaamua, ila imetuita wanafunzi tukatoe maoni. Haijawahi kutokea tangu nifike hapa. Nina matumaini makubwa.

Msalimie Mama, mwambie sijakonda. Msalimie Shangazi wa Guta aliyeniombea siku zote hizi, na Kaka Wambura, mjumbe wetu asiyechoka.

Najua bado unaona nilikosea. Basi andika makala, Baba. Andika kwa nini mwanafunzi anyamaze mpaka aulizwe, umpe Wambura anitumie. Nitaibandika katikati ya ubao, na sitakata hata neno moja.

Binti yako anayekupenda na kukubishia,

Nyangeta